Kufunga geji ya presha kwenye La Pavoni Europiccola ya zamani (na kwa nini namba ya 0.8 si ya kila mji)

Mzee wa Mvuke:

Wakuu, habari zenu. Naandika kirefu, anayetaka kufunga geji kwenye mashine ya kahawa ya mkono asome mpaka mwisho kabla hajashika spana. Maelezo mengi ya mtandaoni yanakwambia "weka 0.8" basi, yaani bar 0.8 ya presha ndani ya boila. Aliyeandika yuko karibu na usawa wa bahari. Mimi niko Arusha, na namba ile ile hapa kwetu inatoa maji ya joto jingine kabisa.

Kwa asiyeifahamu mashine yenyewe: Europiccola ni ya La Pavoni ya Milano, Italia, ilitoka 1961. Haina pampu wala springi. Ni boila ya brasi iliyopakwa kromu, ya lita 0.8, yenye kichwa mbele na mkono mrefu unaoendesha pistoni. Ukiinua mkono, presha ya mvuke inayasukuma maji ya boila yapande kichwani. Ukiushusha, nguvu ya mkono wako ndiyo inayoyapitisha kwenye kahawa. Kwa hiyo presha ziko mbili: ya boila, ambayo haizidi sana bar 1, na ya kukamua, bar 6 hadi 9. Uzi huu ni wa presha ya boila.

Ndugu yake Professional, ya 1974, ina boila ya lita 1.6 na ilitoka kiwandani na geji juu ya kioo cha maji, ile tyubu ya kioo inayoonyesha maji yamebaki kiasi gani kwenye boila. Europiccola haikupewa. Za zamani kama yangu hazina hata presostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha hita chenyewe kwa kufuata presha. Kuna swichi ya hatua mbili: unaweka kubwa mpaka vali ya usalama ianze kupuliza, halafu unarudisha ndogo. Baada ya hapo presha imekaa wapi, hujui. Unakunywa kikombe kichungu, kinachofuata kikali kama ndimu, na huna pa kushika.

GEJI IPI. Usinunue ile ya kompresa yenye uso wa bar 10. Geji ya daraja la usahihi la 2.5 inaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya uso mzima, si ya namba unayosoma. Kwenye uso wa bar 10 hiyo ni robo bar. Ukisoma 0.8 unaweza kuwa na 0.55 au 1.05, na kati ya hizo mbili kuna nyuzi 9 hivi za joto. Chukua uso wa bar 2.5. Kosa linashuka mpaka bar 0.06, na mshale unafanya kazi karibu na katikati ya uso, ambako geji inasoma vizuri zaidi. Kipenyo cha milimita 40 kinatosha. Kubwa zaidi ya hapo ni uzito wa bure juu ya kiungo chembamba.

Angalia pia joto inaloruhusiwa. Ndani ya geji kuna bomba bapa lililopinda, ufundi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa 1849, na kwenye geji za bei ndogo bomba hilo limeunganishwa kwa risasi laini ya kulehemu. Nyingi za aina hiyo zimeandikiwa mwisho nyuzi 60. Mvuke wako una zaidi ya 110. Kwa hiyo ama ununue geji iliyotengenezwa kwa mashine za kahawa, ama uweke kibomba cha shaba chenye kitanzi kati ya boila na geji. Mvuke unapoa mle, unageuka maji, na maji hayo yanabaki kwenye kitanzi kama kinga. Presha inapita, joto halipiti.

MAHALI PA KUFUNGA. Juu ya kioo cha maji. Kwenye Europiccola za rika hili kiungo cha juu cha kioo kina nati ya kofia, na adapta inakaa pale pale. Zipo zinazouzwa tayari Ulaya, lakini fundi mzuri wa kukereza vyuma atakutengenezea ya brasi ukimpelekea nati yako ya zamani kama sampuli. Boila usiitoboe.

MENO. Hapa ndipo vitu vinapoharibika. Pima kwa venia, kile kipimo cha taya cha kupimia kipenyo, kabla ya kununua chochote. Meno ya G 1/8, ya kipimo cha inchi, yana kipenyo cha nje milimita 9.73 na meno 28 kwa inchi. M10x1, ya kipimo cha milimita, ina milimita 10 kamili na jino moja kila milimita. Kwa macho ni mapacha, na moja inaingia kwenye nyingine mizunguko miwili hivi halafu inakaza. Ukilazimisha, brasi inakufa meno. Geji za Marekani nazo zina meno 27 kwa inchi na zimechongoka, hazikai vizuri kwenye tundu la Ulaya. Adapta sahihi ni rahisi kuliko kiungo kipya.

KUFUNGA. Chomoa waya ukutani, sio kuzima swichi tu. Acha mashine ipoe kabisa, mwaga maji, toa kinga ya kioo. Shika kiungo kwa spana moja na nati kwa spana ya pili. Ukitumia moja unakisokota kiungo na kioo kinapasuka. Kwenye kioo weka gasketi mpya, ya zamani ikishafunguliwa haizibi tena. Kati ya geji na adapta weka washa ya shaba, au tredi tepu mizunguko mitatu, ukiacha jino la kwanza wazi ili kipande cha tepu kisiingie kwenye tundu la geji. Geji ielekeze kwako ukiwa umesimama mbele ya mkono.

Ukimaliza, jaza maji, washa, pitisha karatasi ya tishu kavu kwenye kila kiungo presha ikipanda. Mvuke unaovuja huuoni kwa macho, tishu inalowa.

Suala la hewa na la mwinuko nitalileta chini. Karibuni.

Buni Mbichi:

Shukrani mkuu, hili somo nimelisubiri. Swali: yangu nati ya juu ya kioo imekufa na haifunguki. Siwezi kutoa vali ya usalama nikaweka geji pale? Tundu lipo tayari.

Mzee wa Mvuke:

Hapana, dada yangu. Hilo usifanye hata kwa jaribio la dakika moja. Kwenye mashine isiyo na presostati, vali ile ndiyo kitu pekee kinachosimama kati yako na hita inayoendelea kuchemsha. Geji inakuonyesha presha, haiitoi. Hata kipande cha T chenye vali na geji pamoja sikipendekezi, kwa sababu kinasogeza vali mbali na boila na kinaongeza njia nyembamba ya kuziba chokaa.

Nati iliyokwama ipashe kwa maji ya moto, tia mafuta ya kulegezea, iache usiku mzima, jaribu tena na spana mbili. Ikigoma, mpelekee fundi. Na kabla hujaifunga tena mashine toa vali yenyewe uisafishe: kigololo na springi viwe vinacheza.

Spana Kumi:

Mimi nina maoni tofauti, na nasema kwa heshima. Nina Europiccola kwa miaka mingi hapa Dar, sijawahi kuhitaji geji. Nasikiliza vali, naangalia mvuke wa bomba, najua. Geji ni kitu kingine cha kuvuja.

Mzee wa Mvuke:

Mkuu, sikupingi kwamba unaweza. Mkono uliozoea unajua. Lakini sauti ya vali inakwambia jambo moja tu, kwamba umefika juu. Baada ya kurudisha swichi ndogo, unapoanza kukamua na kila kikombe kinatoa maji na joto, presha inashuka na kupanda. Hapo sauti imekaa kimya. Geji inakuonyesha kama cha pili unakikamua kwenye 0.6 au kwenye 0.9, ukiwa bado hujainua mkono.

Halafu wewe uko Dar, usawa wa bahari. Namba za Waitaliano zinakufaa bila kurekebisha chochote. Sisi huku juu hatuna bahati hiyo.

Kanairo:

Nimefika hapa kwa sababu ya hiyo sentensi. Niko Nairobi, Europiccola yangu ni ya baadaye kidogo, ina presostati, na tayari niliifunga geji mwaka jana. Inasoma 0.8 kila asubuhi kama saa. Na kahawa inatoka chachu, nyembamba, hata nikisaga laini zaidi. Nimebadilisha buni, nimebadilisha kinu. Shida iko wapi?

Mzee wa Mvuke:

Ndugu yangu, kuna mambo mawili, tuanze na hewa kwa sababu ndiyo inayodanganya zaidi.

Unapofunga kifuniko cha boila, juu ya maji kuna hewa ya kawaida. Ukiwasha, hewa ile inapashwa pamoja na maji na inatanuka, haina pa kutokea. Geji haijui tofauti ya hewa na mvuke, inajumlisha vyote. Boila ikiwa imefungwa kabisa, mshale unaweza kufika 0.8 wakati maji hayajafika hata nyuzi 90! Piga hesabu mwenyewe: hewa ya bar 1 kwenye nyuzi 25, ukiipasha mpaka nyuzi 87 mahali pale pale inakuwa bar 1.2 hivi. Mvuke wa maji ya nyuzi 87 una bar 0.62. Jumla ni 1.8. Ondoa 1 ya hewa ya nje, geji inasoma 0.8. Na presostati nayo inazima hita, inaona kazi imekwisha.

Dawa yake: mshale ukianza kupanda, fungua bomba la mvuke. Mwanzo utasikia upepo unaokohoa na matone, ile ni hewa. Ngoja mpaka utoke mvuke mkavu mfululizo, hesabu sekunde 10 zaidi, funga. Utaona mshale umeanguka karibu na sifuri, halafu unapanda tena polepole. Upandaji huo wa pili ndio wa kweli. Wengine wanaacha bomba wazi kidogo tangu wanawasha, nayo ni sawa.

Asubuhi yako inakwendaje? Unatoa hewa?

Kanairo:

Natoa, ndio. Naacha bomba wazi mpaka mvuke, kisha nafunga. Hiyo nilifunzwa na aliyeniuzia. Kwa hivyo si hewa.

Mzee wa Mvuke:

Basi ni mwinuko.

Geji hii haipimi presha kamili. Inapima tofauti kati ya ndani ya boila na chumba ulichokaa. Dar, hewa ya chumba ina bar 1.01. Arusha, kwenye mita 1,400, ni 0.86 hivi. Nairobi 0.83 hivi. Lakini joto la maji yanayochemka linafuata presha kamili, yaani namba ya geji ujumlishe na ya hewa.

Dar, 0.8 ya geji: 0.8 + 1.01 = 1.81. Maji yana nyuzi 117.
Arusha, 0.8 ya geji: 0.8 + 0.86 = 1.66. Nyuzi 114 na nusu.
Nairobi, 0.8 ya geji: 0.8 + 0.83 = 1.63. Nyuzi 114 kasoro kidogo.

Nyuzi 3 pungufu. Mtu anaweza kusema ni kidogo, lakini maji ya boila hayafiki kwenye kahawa yakiwa 117. Yanapita kwenye kichwa cha brasi, yanaacha joto pale, yanafika kwenye unga yakiwa kwenye 90 na kitu. Ukianza na 3 pungufu kule nyuma, na kichwa bado hakijapata moto vizuri kwa sababu asubuhi za Nairobi zina baridi, unakamua kwenye 87 au 88. Kahawa inatoka chachu na nyembamba, kama ulivyosema.

Presostati nayo ina ugonjwa huo huo, kwa sababu inajipima na hewa ya chumba. Iliwekwa namba kiwandani Italia, na haijui kwamba imehamia mita 1,700.

Ukitaka joto lile lile la 117, Nairobi weka geji kwenye 0.98 hivi, Arusha 0.95. Yangu mimi naishika kati ya 0.9 na 0.95 na nimetulia.

Spana Kumi:

Hii hesabu nimeipitia na jedwali la mvuke, iko sahihi. Nakubali kwamba kwa watu wa bara geji ina maana kuliko nilivyodhani. Lakini tahadhari: ukipandisha mpaka karibu bar 1, vali ya zamani iliyochoka itaanza kupuliza mapema. Usiikaze springi ili inyamaze. Badilisha vali.

Mzee wa Mvuke:

Hapo umenisaidia mkuu, asante. Vali mpya, sio kukaza ya zamani.

Buni Mbichi:

Na kichwa kikipata moto kupita kiasi? Mimi cha kwanza na cha pili vitamu, cha nne kinanuka kuungua. Nilidhani geji ndiyo itatibu hilo.

Mzee wa Mvuke:

Geji haitatibu hilo, dada. Kichwa cha Europiccola kimefungwa moja kwa moja kwenye boila, kinanyonya joto muda wote mashine ikiwa imewaka. Mshale unaweza kusimama 0.9 bila kutetereka na kichwa kikawa kimepanda mpaka kinaunguza. Presha ya boila ni ile ile, kilichobadilika ni brasi ya mbele.

Ninachofanya: nazima kabla ya kikombe cha tatu, nakizungushia kichwa kitambaa kilicholowa maji ya baridi mpaka kiache kulia, naangalia mshale uko wapi, naendelea. Kama wageni ni wengi, napumzisha mashine. Iliumbwa kwa familia ndogo, haikuumbwa kwa baa.

Pwani Moja:

Salaam kutoka Tanga. Niongeze la chokaa, maana huku maji ya kisima ni magumu na nimeona mashine nyingi. Tundu linaloingia kwenye kioo ni jembamba. Likianza kuziba, maji kwenye kioo yanachelewa kushuka, unadhani boila imejaa kumbe hita iko karibu kubaki wazi. Geji iliyofungwa juu ya kioo inapitia njia hiyo hiyo, nayo itachelewa. Ukiona mshale hautikisiki unapofungua mvuke, shuku tundu kwanza kabla ya kulaumu geji.

Wakati adapta iko nje, pitisha waya laini wa shaba kwenye matundu yote mawili ya kioo, la juu na la chini. Waya wa chuma utakwaruza. Halafu chemsha asidi ya sitriki kwenye boila, acha nusu saa, mwaga, suuza mpaka maji yawe hayana ladha. Asidi isifike kwenye geji, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kuifunga.

Na jingine la usalama: mshale ukiwa sifuri usiamini kwamba boila haina kitu. Tundu likiziba, mshale unalala sifuri na ndani kuna bar nzima. Kabla ya kufungua kifuniko cha juu, fungua bomba la mvuke uhakikishe hakuna kinachotoka. Nimeona mtu aliyeungua kifua kwa kufungua kifuniko haraka.

Mzee wa Mvuke:

Wakuu, alichoandika Pwani Moja kisomwe mara mbili. Geji ni ya kukusaidia kukamua. Ya kukuruhusu kufungua kifuniko ni bomba la mvuke tu.

Kanairo:

Nimerudi na ripoti. Nilichomoa waya, nikafungua chini, nikarekebisha skrubu ya presostati kidogo kidogo, kila mara nikifunga, kuwasha na kutoa hewa upya. Sasa inakata ikifika karibu 1.0 na kurudi ikishuka 0.85. Kahawa imebadilika kabisa, uchachu mkali umeondoka na kikombe kina mwili. Vali haijapuliza.

Swali la mwisho: nimeona watu wamefunga geji juu ya mkono, kwenye pistoni. Hiyo ni ya nini?

Mzee wa Mvuke:

Nimefurahi sana, ndugu yangu.

Ile ni ya presha ya kukamua. Pistoni ya kawaida inatolewa, inawekwa yenye mhimili uliotobolewa katikati, na geji inakaa juu ikisoma maji yaliyo chini ya pistoni. Uso wake unakuwa bar 16 hivi, kwa hiyo usifikirie kuitumia hiyo moja kwa kazi zote mbili. Faida yake ni kubwa kwenye mashine isiyo na springi, kwa sababu wewe ndiye pampu. Watu wengi wakiiona kwa mara ya kwanza wanagundua wanakandamiza sana mwanzoni na kuachia mwishoni. Lakini ni kazi ya kubadilisha pistoni na gasketi zake, na gasketi zinatofautiana kati ya mashine za kabla ya 2000 na za baadaye, maana kichwa kilibadilishwa na vikapu vya kuwekea kahawa vikatoka milimita 49 kwenda 51. Uliza mwaka wa mashine yako kabla ya kuagiza.

Ningeshauri uanze na boila, kama ulivyofanya. Maji yakiwa hayana joto sahihi, kujua bar za mkono wako hakukufikishi mbali.

Buni Mbichi:

Nati imefunguka jana usiku, mafuta na maji ya moto yamefanya kazi. Nimepima kwa venia: 9.7. Hiyo ni G 1/8, sio?

Mzee wa Mvuke:

Inaelekea ndiyo, lakini hesabu na meno pia. Chukua boliti yoyote ya M10x1 dukani, ilaze ubavu kwa ubavu na nati... samahani, na sehemu ya meno ya nje uliyopima, meno yaingiane huku ukiangalia dhidi ya mwanga. Yakikaa sawa mpaka mwisho bila nafasi, ni milimita. Yakianza kuachana baada ya meno sita au saba, ni G 1/8, agiza adapta ya hiyo. Uko mji gani? Nikijua mwinuko wako nitakupa namba ya kuanzia.

Buni Mbichi:

Moshi mjini, mita 800 na kitu.

Mzee wa Mvuke:

Hewa yako ni 0.92 hivi. Anza na 0.9 ya geji, baada ya kutoa hewa.